Mkono Laini Kwenye Kona Kali

Kuna siku moja, mwanangu, imekataa kuzeeka pamoja nami. Nyingine zimeota mvi, nyingi nimezisahau kabisa, lakini hiyo bado iko pale pale juu ya mashamba ya ngano ya Soy. Ni asubuhi, baridi ya Uasin Gishu inaingia mpaka kwenye meno, nami nimekaa kiti cha nyuma cha ndege ndogo ya mbao na turubai, na dunia yote imelala upande.

Keti vizuri. Kwa kuhesabu, wewe ni mjukuu na mimi ni Kuka, babu yako, lakini nakuita mwanangu kwa sababu ndivyo moyo unavyotaka, na kwa umri huu sitaomba ruhusa ya mtu. Jana umenieleza habari ya yule kijana unayemfundisha urubani. Umesema mlipofika kwenye kona kali ndege ikawaponyoka, yeye akashikilia usukani asiuachie, ukamnyang'anya, ukamfokea, na tangu siku hiyo hajaonekana uwanjani. Ukasema labda kazi ya kufundisha si yako. Sikukujibu jana, na najua uliniona kama mzee aliyechoka. Mtu akiulizwa jambo zito hula kwanza, akalala, ndipo akajibu. Basi nimekula, nimelala.

Wakati ninaokuambia, Uhuru ulikuwa bado. Eldoret wenyewe tuliita Sisibo, na mashamba yote kutoka hapo mpaka Soy, ukizunguka kwenda Turbo, yalikuwa ya masetla, wakulima wa Kizungu. Nilitoka nyumbani upande wa Kimilili kutafuta kazi kama vijana wengine wa kwetu, nikapata ya trekta kwa mama mmoja wa Kizungu tuliyemwita Memsaab Ndege. Alikuwa mjane, mrefu, mguu mmoja haukunjiki sawasawa, na wakati wa vita huko kwao alikuwa amerusha ndege za serikali. Pale shambani alikuwa na ndege yake na kiwanja cha nyasi, akifundisha watoto wa masetla wenzake. Usifikiri nakusimulia habari za malaika. Mwaka wa kwanza aliniita "boi" na hakujua jina langu. Lakini alikuwa na tabia moja niliyoipenda: akiona mkono unaweza kazi, aliupa kazi. Nikatoka kwenye trekta nikaingia kwenye injini ya ndege, na siku moja, bila kuniuliza, alinirushia kofia ya ngozi akasema, "Barasa, panda. Leo wewe iko dereva."

Maneno hayo yalizua maneno. Masetla wa klabu ya ndege walikaa kikao kwenye baraza lao, wengine wakacheka, wengine wakakasirika. Mwishowe wakamwambia Memsaab hivi: mkaguzi atakuja kutoka Nairobi anipime mara moja tu. Nikipita, nipate leseni, na Mwafrika mwingine anayetaka kujifunza asizuiwe. Nikianguka, habari ya Mwafrika na ndege iishie hapo, na yeye asiilete tena mbele yao.

Sasa wewe fikiria mzigo huo kwenye shingo ya kijana. Vijana wa shambani waliacha kunitania, wakaanza kuniangalia kwa heshima, na heshima ile ilinikosesha usingizi kuliko matusi. Mama aliniombea kanisani kila Jumapili kwa sauti, mbele ya watu, akitaja jina langu na la ndege. Ugali ulikataa kushuka. Nilikuwa nikiamka naangalia mawingu kama mtu anayedaiwa, nikitamani mvua inyeshe ndege isiruke. Lakini hayo yote hakuna aliyeyajua, kwa sababu sikumwambia mtu.

Kuruka na kutua nilikuwa nimeshika. Kilichonishinda ni ile ile kona iliyomshinda kijana wako. Wewe unaijua, lakini acha niseme kwa mdomo wangu: unailaza ndege mpaka bawa moja linaelekea ardhini, na hapo inakuwa nzito ghafla, pua inataka kuinama. Unavuta usukani kidogo, unaongeza moto wa injini kidogo, macho yako unayaweka mbali pale mbingu inapokutana na nchi. Huku kwetu ni juu, hewa ni nyepesi, na injini ya zamani ile ilikuwa ikihema kama mzee kwenye mlima. Ukikosea kidogo pua inaanguka, na pua ikianguka, mwanafunzi yeyote atavuta. Na akivuta bawa likiwa bado limelala, kona inazidi kubana na ndege inazidi kushuka, inazunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo. Dawa yake unaijua. Unapunguza moto, unanyosha mabawa, ndipo unainua pua. Bawa kwanza, pua baadaye. Memsaab alinikaririsha maneno hayo mpaka niliyasema usingizini.

Kwa ndege ile mwalimu alikaa mbele na mwanafunzi nyuma. Mliongea kwa mpira wa kusemea uliotoka mdomoni kwa mmoja mpaka sikioni kwa mwingine. Memsaab akitaka ujue kwamba ndege ni yako, alikuwa akiinua mikono yote miwili na kuiweka juu ya ukingo wa kiti chake, nje, kwenye upepo, uione. Glavu mbili za kahawia. Hakuna kitu kilichonitia hofu kama glavu hizo.

Asubuhi hiyo ninayokuambia, kona ya kushoto ilikwenda vizuri. Ya kulia pua ikainama. Nikavuta. Ikainama zaidi, nikavuta zaidi, na waya za mabawa zikaanza kupiga mluzi. Nikasikia kwenye mpira, "Achia." Halafu tena, polepole, "Barasa, achia." Nilisikia vizuri kabisa, mwanangu. Kichwani nilikuwa nasema bawa kwanza, pua baadaye. Lakini mwili ulikuwa umekwisha kukaza. Meno yameumana, macho nimeyakodoa kwenye kitu kimoja, nafikiri ilikuwa msumari kwenye ubao mbele yangu, na mkono umekuwa kipande cha kuni. Sikusema neno, hata la kuomba Mungu. Ng'ombe wa shamba la chini walianza kutawanyika, nami nikaona madoa yao.

Glavu zikashuka ndani. Injini ikanyamaza, mbingu ikarudi mahali pake, na tukapita juu ya mti mmoja ambao ningeweza kukuhesabia matawi yake.

Tulipotua Memsaab alishuka, akaegemea bawa, akatoa sigara. Alichoma kiberiti, kikazima. Cha pili kikazima. Ndipo nikaona kwamba mikono inamtetemeka, nikashangaa sana, maana sikujua kama na yeye anaogopa.

"Barasa," akasema, "iko shauri gani na mkono yako?"

Nikaanza kupangusa matope kwenye gurudumu.

"Mimi nangoja mingi sana, kwa sababu wewe nyamaza. Mimi nafikiri, huyu nyamaza, huyu natengeneza. Kumbe wewe nakufa na mimi nakufa." Akavuta moshi. "Mkaguzi nakuja Alhamisi nyingine. Kama hapana jua shauri ya mkono yako, mimi hapana panda na wewe tena. Enda nyumbani. Enda uliza mtu."

Nimuulize nani? Kwetu nani aliwahi kulaza ndege? Lakini Jumapili nilidandia lori la mahindi pale Turbo, nikaenda nyumbani, si kuuliza kitu, ni kwa sababu mtu akishindwa miguu inajua njia ya kwao.

Baba mkubwa wangu, Mzee Khaemba, alikuwa ngariba. Wewe hukumkuta, alikufa mama yako akiwa mdogo. Watoto wa kiume wa upande ule wote walipita mikononi mwake, na mimi nikiwamo. Unajua desturi yetu. Unasimama uani umepakwa matope, mikono juu, macho juu, na watu wote wa ukoo wamekuzunguka wanaangalia kope zako. Ukipepesa, ukitikisa kidole, hiyo aibu utazikwa nayo. Mimi sikupepesa. Firimbi ililia, akina mama wakapiga vigelegele, na baba alitembea akijisifu mwezi mzima. Tangu siku ile nilijua jambo moja kuhusu hofu: ikija, unakaza mwili, unakodoa macho, unafunga mdomo, inapita.

Nilimkuta Mzee ameketi kwenye kigoda na beseni ya maji ya moto. Nilimsalimia, akaniangalia, hakuniuliza habari za Sisibo.

"Umefika wakati mzuri," akasema. "Ninyoe."

Akaninyoshea wembe. Si wembe wa dukani, ni kile kisu chake kidogo cha kunyolea, chenye makali ya kukata unywele hewani. Kuna watu wanasema mtoto akililia wembe mpe, lakini mimi sikuwa nimeulilia. Kichwa cha ngariba si kitu cha kuchezea. Wajukuu wake walikuwa wamekaa hapo wanaangalia, na ndani ya tumbo langu nikasikia ule ule mkazo wa kule juu. Nikashika kisu kwa nguvu. Nikanyoa mstari wa kwanza, wa pili, na kwenye wa tatu damu ikatoka.

Mzee hakushtuka. Alipangusa damu kwa kidole, akaiangalia.

"Uliogopa," akasema.

"Hapana, Baba."

"Barasa. Kichwa ni changu, mimi ndiye ninayesikia mkono wako. Umenishika kama mtu anayechinja. Hebu niambie, nani alikufundisha kuogopa namna hiyo?"

Nikafikiri ananitania. Nikamwambia, "Si ni wewe, Baba? Uliniambia nisimame nisitikisike."

Hapo ndipo alipogeuka na kigoda chake akaniangalia uso kwa uso. Alinikemea, na sitasahau alivyonikemea, maana hakupandisha sauti hata kidogo.

"Nilikuambia usitikisike kwa sababu kisu kilikuwa mkononi mwangu. Kazi ilikuwa yangu. Kazi yako ilikuwa kusimama tu, na ni muda wa kumeza mate, ikaisha. Sasa umekuwa mtu mzima, kisu umepewa wewe, na bado umesimama uani umekodoa macho unangoja firimbi? Mwenye kushika kisu akikaza mkono, ataua mtoto wa watu." Akanyosha mkono wake, akauweka juu ya wangu. Ulikuwa laini, umelegea, wa moto. "Unafikiri mimi siogopi? Kila asubuhi ya tohara tumbo linaniuma. Namwambia mke wangu, leo naogopa. Namwambia na kijana anayenishikia maji. Nikishasema, mkono unalegea. Ukificha hofu mdomoni itakimbilia wapi? Itakimbilia mkononi."

Nikamwambia yote. Ndege, glavu, ng'ombe, masetla, mama na maombi yake. Nililia, na wajukuu wale waliniona, basi. Mficha maradhi kilio humfichua. Alipokwisha kunisikiliza akasema, "Haya, malizia kichwa changu, nina mkutano." Nikakimaliza bila kumtoa damu tena, nikizungumza muda wote kama kasuku.

Alhamisi ikafika na mkaguzi akafika. Mtu mfupi, masharubu mekundu, hakunipa mkono. Wanaume wa klabu walikuja na magari yao kuangalia, wakasimama na chai kwenye vikombe vya chupa za chai. Memsaab alikaa juu ya pipa tupu la petroli. Nilimwendea nikamwambia, "Memsaab, leo naogopa sana." Akanitazama, akasema, "Mimi pia." Ilikuwa mara ya kwanza kuongea kama watu wawili.

Juu kule nilifanya yote niliyoagizwa. Kona ya kushoto, sawa. Mkaguzi akaonyesha kulia kwa kidole. Nikalaza bawa, nikavuta, nikaongeza moto, na pale katikati tukapiga hewa mbaya inayopanda kutoka mashambani jua likishapanda, pua ikaangukia chini. Na mkazo ule ukaja. Ulianzia tumboni, nikausikia ukipanda begani ukielekea kwenye mkono. Nilijua watu wa chini wanaona. Nilijua pia kwamba nikivuta kidogo, kidogo tu, huenda nikaificha ile pua na mkaguzi asijue, na mlango ukabaki wazi kwa kila kijana atakayekuja nyuma yangu. Na huenda tukafa.

Nikafungua mdomo. Kwa Kiingereza changu cha shambani nikamwambia kwenye mpira kwamba pua inaanguka, kwamba naogopa, na kwamba nanyosha mabawa kwanza. Vidole vikalegea. Nikapunguza moto, nikanyosha, nikainua pua. Tulikuwa tumepoteza kimo, na kona nilikuwa nimeiharibu mbele ya macho ya dunia nzima. Nikapanda tena mpaka pale tulipokuwa, nikamwuliza kama naweza kurudia. Hakujibu. Nikarudia, na safari hiyo ndege ilizunguka vizuri mpaka ikapita kwenye hewa iliyotikiswa na mabawa yake yenyewe, ndiyo alama ya kona isiyopoteza kimo. Lakini niliposhuka nilijua kwamba nimekwisha kufunga mlango, si wangu peke yangu. Sikuweza kuwaangalia wale vijana wa shambani waliokuwa wamesimama kwenye seng'enge.

Mkaguzi alimwendea Memsaab. Nilikuwa karibu, nafunga kamba za bawa, mikono haijui inafunga nini. Akasema, "Ameangusha pua kwenye kona ya kulia." Memsaab akasema anajua, ameona. Mmoja wa wale wa klabu akacheka.

Mkaguzi akasema, "Nimepima watu wengi. Wakianza kuanguka wananinyamazia, nami nabaki nikikisia kama nishike usukani au nisishike. Huyu aliniambia mapema. Kwa nini nimnyime?" Akatia sahihi karatasi ya leseni yangu juu ya bawa la ndege yetu, akaomba chai.

Memsaab hakunipongeza. Alikwenda kupima mafuta ya injini niliyokuwa nimeyapima asubuhi, akakaa huko nyuma ya ndege kwa muda mrefu kuliko yanavyohitaji mafuta. Vijana wawili wa seng'enge ile walikuja kuwa marubani. Mmoja nilimfundisha mimi mwenyewe kona kali, hapo hapo Soy.

Sasa turudi kwako. Wewe hukusimama uani, hukupakwa matope, hakuna aliyekuhesabia kope. Lakini jana uliponisimulia habari ya kijana wako ulikaa wima, macho ukutani, sauti haikutikisika hata ulipotaja jinsi ardhi ilivyosogea. Nikakuuliza, uko sawa? Ukasema, "Niko sawa, Kuka." Hukuwa sawa, mwanangu. Nilikiona kidevu changu usoni mwako, nikapatwa na uchungu, maana nilifikiri ugonjwa ule ulikufa na ujana wangu.

Umeniuliza kosa la kijana ni lipi. Kukaza mkono si kosa kubwa, kila mwanafunzi hukaza. Kosa ni kwamba hakuweza kukuambia. Na angekuambiaje? Wiki zote hizo amekaa kando ya mwalimu ambaye haogopi kitu. Alifikiri humo ndani ya ndege mwenye hofu ni yeye peke yake, akaona aibu, akaifungia hofu mdomoni, ikakimbilia mkononi. Wewe ulipomnyang'anya usukani ulifanya sawa, na ningekuwa mimi ningefanya hivyo mapema zaidi. Lakini ulipofoka, ile ilikuwa hofu yako, imetoka na nguo za hasira. Yeye hakuitambua. Aliona hasira tu, akaenda nyumbani.

Basi nasaha yangu ni hii. Mpigie simu leo. Usimwambie arudi, usimwambie amekosea wapi kwenye kona. Mwambie uliogopa. Useme neno lenyewe, naogopa, si "nilishtuka kidogo" kama mnavyosema siku hizi. Akirudi, kabla hamjapanda mfundishe kusema kwa sauti kila kitu mkono wake unachosikia, na wewe useme wako. Anayesema, mngoje, mwache atengeneze mwenyewe. Anayenyamaza, usimngoje hata kidogo, shika. Wanasema woga wako ndio umaskini wako. Mimi nimezika marubani, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kusema naogopa. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na ubawa ndio tunaohitaji, pua itafuata.

Na ualimu ni wako. Asiyejali mwanafunzi hakosi usingizi kwa sababu hajarudi.

Lete mikono hapa, yote miwili, nikutemee mate ya baraka kama tulivyofanyiwa sisi. Mungu akulainishie mikono hii hata siku moyo umekaza. Akupe mdomo wa kusema na sikio la kuusikia mdomo wa mwenzako. Kila utakayempandisha, umshushe, mamaye amwone jioni. Na wewe mwenyewe, siku ukiogopa na hakuna mtu karibu wa kumwambia, niambie mimi, hata nikiwa nimeshalala chini ya udongo.